Mwache ainuke mwenyewe: jinsi ya kumsaidia mzee mwenye shida ya kutembea aendelee kujihudumia

Mama alivunjika nyonga akiwa na miaka 78. Aliporudi nyumbani baada ya upasuaji, niliapa hatagusa kazi yoyote. Nilimwamsha, nikamwogesha, nikamvalisha, nikamshikisha kijiko, na alipobanwa na haja nilimtia mikono kwapani nikamwinua. Kwangu hayo ndiyo yalikuwa mapenzi. Mwezi mmoja baadaye mshono ulikuwa umefunga vizuri kabisa, lakini Mama hakuweza kunyanyuka kwenye kiti. Nyonga haikuwa na tatizo. Mapaja ndiyo yaliyokuwa yamenywea, na akisogea hatua mbili tayari anahema.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyekuja kumwona hakunilaumu. Alimwomba Mama ajaribu kusimama, akamtazama kwa utulivu, kisha akanigeukia mimi: mara ya mwisho Mama kuinuka kwa nguvu zake mwenyewe ilikuwa lini? Nikatafuta jibu, sikulipata.

Sasa Mama ana miaka 84. Ndani anatembea kwa mkongojo, nje kwa fremu ya kutembelea. Anaoga mwenyewe akiwa amekaa, anavaa mwenyewe, usiku anajipeleka msalani. Niliyojifunza katika miaka hii sita nayaandika kwa ajili yako wewe unayemtunza mzazi, bibi, babu au mwenzi wako, na kwa ajili ya mzee mwenyewe kama ndiye anayesoma. Ukiyasoma utaona nazunguka jambo lile lile: kazi ambayo mwili wake bado unaiweza, usiifanye wewe. Badilisha kiti, badilisha mahali pa kitu, badilisha namna ya kufanya, kisha mpe muda.

Nguvu za uzeeni hazisubiri. Mwaka 2007 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya kundi dogo la wazee wenye afya nzuri waliokubali kulala kitandani kwa siku 10. Hawakuwa wagonjwa, walilala tu. Kwa wastani kila mmoja alipoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu. Mimi nilimweka Mama mwezi.

Anza kwa kumtazama

Kabla hujanunua kifaa chochote, kaa naye siku nzima ukiwa na kalamu na karatasi. Daktari mmoja wa Marekani, Sidney Katz, na wenzake walichapisha mwaka 1963 orodha ya mambo sita ambayo mpaka leo hutumika kupima uwezo wa mtu kujihudumia: kuoga, kuvaa, kwenda msalani, kuhama kutoka kitandani kwenda kwenye kiti, kuzuia haja, na kula. Waliona pia kwamba kwa wengi kuoga hutangulia kupotea na kula hubaki mwisho, na anayepata nafuu hurudi kwa njia ile ile kinyumenyume. Hilo lilinisaidia sana, kwa sababu nilikuwa namsumbua Mama na kuoga wakati bado hajapata nguvu ya kuhama kutoka kitandani.

Ukiandika, usiandike “anaweza” au “hawezi”. Vunja kila jambo vipande vidogo. Nilipoandika “kuvaa: hawezi”, nilikuwa nimekosea. Nilipotazama vizuri, Mama alichagua gauni mwenyewe, aliingiza mikono, alilipitisha kichwani, alilishusha mpaka kiunoni. Kilichomshinda ni vifungo vya mgongoni tu. Kwa hiyo kumbe alikuwa ananihitaji kwa vifungo vinne, nami nilikuwa nachukua kazi yote. Tukahamishia vifungo mbele, na siku hiyo ikawa mwisho wa mimi kumvalisha.

Kisha muulize ni kipi anataka kukirudisha kwanza. Usimchagulie. Nilidhani Mama angesema kutembea nje. Alisema anataka kwenda msalani bila mtu kusimama mlangoni.

Kiti

Hapa nitakaa zaidi, maana asiyeweza kuinuka kwenye kiti hawezi kwenda msalani, hawezi kufuata maji, hawezi kufungua mlango. Kama una nafasi ya kurekebisha jambo moja tu wiki hii, rekebisha hili.

Kiti kizuri ni kigumu kiasi, kina egemeo pande zote mbili, na hakitelezi. Mzee akikaa, nyayo zote zikanyage sakafu, na nyonga ziwe juu kidogo ya magoti. Makochi laini yanayommeza mtu ni mabaya sana kwake, hata kama ndiyo anayoyapenda. Kiti kikiwa kifupi, ongeza mto mgumu juu yake, au fundi seremala akutengenezee vigingi vya mbao vya kuweka chini ya miguu ya kiti. Kila kigingi kiwe na shimo ambamo mguu wa kiti unaingia na kukaa. Vipande vya mbao au matofali yaliyowekwa tu chini huteleza, na siku kiti kikikimbia mzee yuko katikati ya kuinuka, utajuta.

Sasa kuinuka kwenyewe. Asogee mpaka ukingoni mwa kiti, kalio moja kisha jingine. Arudishe miguu nyuma mpaka visigino viwe nyuma kidogo ya magoti, miguu ikiwa imeachana kiasi. Viganja vishike egemeo. Halafu ainame mbele mpaka pua ije juu ya vidole vya miguu. Hapo ndipo wengi hukosea: wanajaribu kwenda juu moja kwa moja huku mgongo umeegemea nyuma, uzito wote unabaki kwenye makalio, wanajitahidi mara tatu, wanachoka, wanaita mtu. Akiinama mbele vya kutosha, makalio yenyewe huanza kuwa mepesi. Hapo asukume kwa viganja na nyayo kwa pamoja. Akishasimama, atulie ahesabu mpaka tano ndipo apige hatua.

Tahadhari moja: baada ya baadhi ya upasuaji wa nyonga, daktari hukataza kwa wiki kadhaa mgonjwa asiiname sana wala kukunja mguu juu ya mwingine. Kama mzee wako alipewa katazo hilo, lifuate, na tumia kiti kirefu zaidi mpaka aruhusiwe.

Kukaa nako ni zoezi. Arudi nyuma mpaka aguse kiti kwa nyuma ya miguu, apeleke mikono kwenye egemeo, ajishushe polepole. Asijibwage. Ule mteremko wa polepole unajenga mapaja sawasawa na kuinuka. Mama tulianza kwa kuinuka mara mbili, asubuhi na jioni. Baada ya wiki tatu akafika mara tano kabla ya kila mlo, na sasa asipofanya yeye mwenyewe ananikumbusha.

Ukilazimika kumsaidia, simama ubavuni mwake, upande ulio dhaifu, weka mkono mmoja mgongoni chini karibu na kiuno, mwingine uwe mbele ashike akitaka. Usimvute mikono, usimnyanyue kwa kwapa. Bega la mzee huumia haraka, hasa la aliyepata kiharusi. Hesabuni pamoja, “moja, mbili, tatu”, aanze yeye, wewe ufuate. Utashangaa ni mara ngapi mkono wako hautabeba chochote. Kilichotakiwa ni kujua kwamba uko pale.

Na kama anatumia fremu ya kutembelea, asiinuke kwa kuivuta. Fremu itamwangukia. Asukume kiti kwanza, asimame, ndipo ahamishie mikono kwenye fremu.

Kutoka kitandani

Kujikunja kwa tumbo kutoka kulala chali ni kazi ngumu hata kwa kijana mwenye mgongo mbovu. Njia nyepesi ni ya ubavu: akunje magoti, ageuke ubavu kuelekea ukingo wa kitanda, ateremshe miguu nje huku akijisukuma kwa kiwiko cha chini na kiganja cha mkono wa juu. Uzito wa miguu inayoshuka humsaidia kiwiliwili kuinuka. (Kwa nyonga iliyofanyiwa upasuaji karibuni, mwulize kwanza mtaalamu ageukie upande gani.)

Akishakaa, asisimame. Damu huwa bado haijazoea, na wazee wengi, hasa wanaomeza dawa za presha, hupatwa na kizunguzungu hapo hapo. Akae dakika moja au mbili, achezeshe vifundo vya miguu juu na chini mara kumi. Kizunguzungu kikimjia kila asubuhi, mpeleke kwa daktari pamoja na dawa zake zote anazomeza, hata zile za usingizi na zile alizojinunulia. Mara nyingine dawa moja ikipunguzwa, miguu inatulia.

Godoro likibonyea ukingoni, hakuna mbinu itakayofaa. Tafuta gumu.

Mkongojo

Wengi huushika upande usiofaa. Mkongojo hukaa mkono wa upande wa mguu mzima, kinyume cha mguu unaouma, kisha mkongojo na mguu mbovu vinakwenda mbele kwa pamoja. Urefu wake: mzee asimame wima na viatu vyake vya kila siku, mikono ikining'inia, kichwa cha mkongojo kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, ili akiushika kiwiko kipinde kidogo tu. Mkongojo wa kurithi kutoka kwa mtu mrefu humpandisha bega na kumwumiza shingo. Ukate.

Kwenye ngazi Mama ana wimbo wake: kupanda, mzima atangulie, kushuka, mgonjwa atangulie. Yaani akipanda anaanza na mguu wenye nguvu, akishuka mkongojo na mguu dhaifu vinatangulia. Kila mara mkono mwingine uko kwenye reli. Mwenye kumsaidia akae ngazi moja chini yake, apande au ashuke.

Geuza mkongojo uangalie mpira wa chini. Ukishalika mpaka mistari imefutika, hauzuii tena. Na viatu viwe vimefunga kisigino na soli isiyoteleza. Ndara na soksi tupu kwenye sakafu laini zimewaangusha wazee wengi.

Bafuni na msalani

Mwaka wa kwanza Mama alipokuwa akitoka kuoga aliyumba, akashika reli ya taulo. Ikang'oka pamoja na plasta. Alianguka kitako juu ya kiti chake cha kuogea kilichokuwa nyuma yake, Mungu alisaidia. Mimi ndiye niliyekuwa nimemwambia “shika hapo”. Reli ya taulo imefungwa kubeba taulo. Chuma cha kumshikilia mtu kinafungwa kwenye ukuta wenyewe kwa skrubu ndefu, na fundi akimaliza, mwambie aning'inie juu yake kwa uzito wake wote kabla hujamlipa. Vile vya kunyonya ukuta kwa mpira sivitumii, maana huachia bila kutoa taarifa.

Kabla ya kufunga, mpeleke mzee bafuni akiwa na nguo zake, aonyeshe mkono wake unakwenda wapi wenyewe anapokaa na kuinuka. Weka alama ya penseli pale pale. Chuma kilichofungwa mahali fundi alipopenda kitapitwa, na mkono utarudi kwenye sinki.

Aoge akiwa amekaa, kwenye kiti cha plastiki kigumu chenye miguu ya mpira, mkeka usioteleza ukiwa chini. Kila kitu kiwe usawa wa kifua chake: sabuni, taulo, maji. Dodoki lenye mpini mrefu linafika mgongoni na nyayoni, na hapo unakuwa umemrudishia faragha yake. Kama maji yanachanganywa, tia ya baridi kwanza, ya moto baadaye, na apime kwa kiwiko. Ngozi ya uzeeni ni nyembamba na huungua haraka, na vidole vyenye ganzi havimwambii kitu. Ajikaushe akiwa bado amekaa, miguu ikiwa kavu ndipo asimame. Mlango usifungwe kwa komeo la ndani. Tulikubaliana na Mama kwamba taulo likitundikwa nje, hakuna anayeingia bila kuitwa.

Choo cha kukaa kikiwa kifupi kiinuliwe kwa kiti cha nyongeza kinachobana vizuri. Choo cha kuchuchumaa, tafuta kiti imara chenye tundu katikati, kikae juu yake bila kuyumba. Kwa usiku, taa ndogo njiani kutoka kitandani hadi chooni, hakuna zulia dogo, hakuna waya sakafuni. Na usimkataze kunywa maji mchana kutwa ili asiamke usiku. Upungufu wa maji humletea kizunguzungu na kumchanganya akili. Apunguze tu saa za mwisho kabla ya kulala.

Kuvaa na vitu vya nyumbani

Upande mbovu huvaa kwanza na kuvua mwisho. Hiyo peke yake inaondoa nusu ya mateso ya aliyepata kiharusi. Avae akiwa amekaa. Kiuno cha mpira badala ya mkanda, kamba fupi kwenye zipu ili vidole vipate pa kuvuta, kijiko kirefu cha kuvalia viatu.

Vitu vya kila siku vikae kati ya kiuno na bega, asiiname wala asipande kitu. Mama hubeba vitu vyake kwenye mfuko anaouvaa begani, ili mkono mmoja uwe wa mkongojo na mwingine wa kushika njiani. Jikoni kuna stuli ndefu. Anakata na kuosha akiwa amekaa. Sahani ikitelezateleza, kitambaa chenye unyevu chini yake kinatosha.

Mazoezi kidogo, kila siku

Nchini Nyuzilandi watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago walitengeneza mazoezi ya nyumbani ya kuimarisha miguu na usawa wa mwili kwa wazee, na katika majaribio yao kuanguka kulipungua kwa takriban 35%. Si mazoezi ya ajabu. Ni kama haya anayofanya Mama akiwa ameshika sinki: kunyanyuka kwa vidole vya miguu, kusimama kwa visigino, kupeleka mguu pembeni na kuurudisha, kusimama kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Kiti kiwe nyuma yake. Maumivu ya kifua au kushindwa kupumua yakimjia, aache na umpeleke akaonwe.

Siku akianguka

Zungumzeni kabla haijatokea, na mjaribu akiwa mzima, juu ya godoro lililowekwa sakafuni. Mama alikataa mara mbili, akaona aibu. Mara ya tatu nililala mimi chini kwanza nikamwonyesha.

Akianguka, asikurupuke. Alale, avute pumzi, ajipapase. Kama kichwa kimegonga, kama mguu umegeuka au umefupika, kama nyonga inauma vikali, asiinuke wala asiinuliwe. Afunikwe apate joto, msaada uitwe. Anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda akigonga kichwa, aende hospitali hata akijisikia mzima.

Akiwa hana jeraha: ageuke ubavu, ajisukume kwa kiwiko mpaka awe kwa mikono na magoti, atambae mpaka kwenye kiti kigumu. Aweke mikono juu ya kiti, apandishe mguu wenye nguvu mbele unyayo ukanyage chini, asukume, ageuke, akae. Magoti yakimshinda, ajiburuze kwa makalio mpaka ngazi ya chini au kitu kifupi, apande kidogo kidogo. Wewe kazi yako ni kuleta viti viwili, kimoja mbele cha kushikia na kimoja nyuma cha kukalia. Usimnyanyue peke yako, mtaanguka wawili.

Simu isikae mezani tu. Ya Mama ina mfuko wake shingoni, na nyingine imetundikwa ukutani karibu na sakafu ya ukumbi, mahali anapoweza kuifikia akiwa amelala chini. Kulala sakafuni saa nzima au zaidi huleta madhara yake, hata bila kuvunjika.

Muda

Jambo lililonigharimu zaidi ni muda. Mama huvaa kwa dakika 25. Mimi ningemvalisha kwa dakika tano. Asubuhi za haraka mkono wangu ulikuwa unakwenda wenyewe kwenye zipu yake, naye alikuwa ananyamaza na kuniachia. Ile kuniachia ndiyo iliyoniuma nilipoitambua. Nilianza kumwamsha nusu saa mapema, na nikitaka kumkimbiza naenda chumba kingine kukunja nguo. Kuna siku amechoka, au magoti yamevimba, au hakulala. Siku hizo ananiambia “leo nisaidie”, namsaidia bila mjadala, na kesho yake anaendelea mwenyewe.

Karatasi ile ya mambo sita tunaifungua upya kila baada ya miezi mitatu, kwa kuwa mwili wake unabadilika. Mara hii ya mwisho mkono wa kulia umeanza kutetemeka, na kijiko kilikuwa kinamwaga nusu kabla hakijafika mdomoni. Tulizungushia mpini sponji nene, tukaufunga kwa utepe mpaka ukawa mnene kama kigingi, na tukasogeza kiti ili viwiko vyote viwili viegemee meza. Anakula mwenyewe. Miadi ya daktari kuhusu mtetemeko huo ni wiki ijayo, na orodha ya dawa zake ameshaiandika kwa mkono wa kushoto.